Tulivyopigia Kura Bafu la Al Baraha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema hilo mapema ili mtu asinihurumie kabla hajasikia nilichofanya. Nilipohamia mtaa wa Al Baraha nilikuwa nimelinda milango ya watu Dubai kwa miaka mitatu. Mlinzi huambiwa simama hapa, usiketi, usiegemee ukuta, maji utakunywa saa nne, chooni utaenda mwenzako akifika. Kutwa nzima ni yes sir, yes madam. Kwa hiyo siku kampuni iliposema kwamba anayetaka anaweza kujitafutia makazi badala ya kulala kwenye mabweni yao, nilifungasha sanduku langu jioni hiyo hiyo. Nilitaka mahali ambapo nitaketi bila kuomba ruhusa.

Mahali penyewe palikuwa fleti ya chumba kimoja na sebule, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kinyozi. Wanawake watano wa Kifilipino waliishi humo na kitanda cha sita kilikuwa wazi. Aliyenifungulia mlango alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, mkuu wa dobi katika hoteli moja, na amekaa Dubai miaka ishirini. Wenzake wote walimwita Ate, yaani dada mkubwa, nami namwita hivyo hivyo hadi leo. Kabla ya kuniuliza jina aliniuliza kama nimekula. Nilipojibu nimekula, akanipakulia tena.

Kisha akanionyesha ubao.

Ulikuwa ubao mweupe, umetundikwa kwenye msumari nje ya bafu, na ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. Upande mmoja, saa za kuoga za kila mtu. Upande wa pili, zamu za usafi: jiko, taka, sebule, bafu. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, tayari kulikuwa na mstari wangu. Kuoga, saa kumi na robo alfajiri hadi saa kumi na nusu. Zamu, bafu, Jumapili. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya mapumziko. Sijavua hata viatu na nimeshapangiwa! Nilimtazama yule mama, nikatazama wino mwekundu, nikatabasamu kama tunavyofundishwa kutabasamu mlangoni. Ndani yangu nilikuwa ninachemka.

Nieleze kidogo kuhusu saa za kuoga, maana asiyejua majira ya joto ya Dubai ataona tunagombania upuuzi. Matangi ya maji yako juu ya paa. Kuanzia Juni jua likiyapiga kutwa, bomba la maji baridi linatoa maji ya kusonga ugali. Ukitaka kuoga kama binadamu, uoge alfajiri, maji yakiwa yamepoa kidogo. Watu sita, bafu moja, na saa mbili tu za maji yanayovumilika. Ubao ule ndio uliokuwa ukiyagawa. Mimi nilijua hilo, lakini nilichoona kila nikipita pale ni ule wino mwekundu.

Ate alikuwa na cheo pia. Kwao kila mtaa una kapteni wake aliyechaguliwa na wakazi, wa kusuluhisha majirani na kusimamia usafi, na hawa wanawake walikuwa wameuchukua mtaa wao wakaupandisha ndege. Fleti ilikuwa na kapitana, na kila miezi sita ilifanya uchaguzi. Mimi nilidhani ni mchezo. Nilikuja kujua kwamba Mfilipino akicheza uchaguzi hachezi.

Juni ile muhula wa Ate uliisha, na hakuna aliyetaka kushindana naye. Tatizo likawa Ate mwenyewe kukataa kupita bila kupingwa.

“Uchaguzi wa mtu mmoja si uchaguzi,” alisema. “Ni sherehe ya kuzaliwa.”

Akazunguka fleti nzima akiomba mpinzani kama anavyoomba mtu chumvi. Mwishowe mdogo wao, msichana anayetengeneza kahawa katika mgahawa mmoja huko Jumeirah Village Circle, akainua mkono kwa kumsaidia. Nasisitiza, kwa kumsaidia. Lakini alipoingia, aliingia mzima. Ijumaa akapika sinia la pansit, zile tambi zao, akatugawia sote. Jumamosi akatunga wimbo wa kampeni wenye jina lake mara kumi na nne na mtindo wake wa kucheza. Akaleta vikombe vya karatasi kutoka kazini, na kila kimoja amekiandika kwa kalamu nene: UHURU WA BAFU. Kisha akapanda juu ya kiti cha plastiki sebuleni na kutangaza sera.

“Ubao utashuka! Hakuna saa, hakuna zamu! Kila mtu ataoga anapotaka na kufagia anapojisikia!”

Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Ate alicheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kikombe changu nikimsikiliza kama anayesikiliza mhubiri siku ile neno linapomlenga yeye.

Kampeni ya Ate ilikuwa fupi. Alisimama, akasema, “Mnanijua,” akaketi na kuendelea kupakua wali.

Ilipofika kupiga kura nikawaambia waniache nje. Niliwaeleza kwamba kwetu Kakamega niliwahi kupanga foleni tangu alfajiri hadi alasiri, jua likanichoma, nikapiga kura yangu, na barabara tuliyoahidiwa bado unaivuka umebeba viatu mkononi. Tangu siku ile mimi na kura tuliachana kwa amani. Wakanitazama wote kama mtu aliyesema haogi. Yule wa zahanati, mhudumu wa wagonjwa, akaniambia kwao mtu aliye ughaibuni akipata siku ya kupigia nchi yake kura huvaa nguo za kanisani na kupiga picha ya kidole chenye wino. Ate hakuhubiri. Alinisukumia karatasi na kalamu.

“Hapa unalala,” alisema, “hapa unaoga. Basi hapa utapiga kura.”

Nikaichukua kalamu. Niliandika jina la msichana wa kahawa, na niliikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Asiyekuwepo na lake halipo, nami nilikuwepo, na langu lilikuwa moja tu: ule mstari mwekundu ufutwe.

Karatasi sita zikaingia kwenye sufuria ya wali. Yule anayefanya kazi kwenye kaunta ya supamaketi ndiye aliyehesabu, maana vidole vyake vimezoea. Alifungua kila moja, akaisoma, akaizungusha tuione. Ya kwanza, msichana wa kahawa. Kicheko. Ya pili, msichana wa kahawa. Kicheko kikubwa zaidi. Ya tatu, yeye tena, na kicheko kikapungua. Ya nne kimya. Ya tano nikasikia friji ikinguruma. Ya sita ilikuwa ya Ate.

Tano kwa moja.

Msichana alishika mdomo kwa mikono miwili. Wenzake walikuwa wanatazama sakafu, nami nikaona sura zao zimepauka, nikadhani ni haya ya kumwangusha mzee wao hadharani. Kumbe wanawake hawa, nikajisemea, wameuchukia ubao ule kama mimi na hawakuwahi kunong'ona! Ate ndiye aliyeanza kupiga makofi. Akampa mshindi mkono, akaenda mwenyewe hadi nje ya bafu, akautoa ubao kwenye msumari na kuuweka nyuma ya kabati.

“Ahadi ni ahadi,” alisema.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Usiku ule nililala kama mtu aliyepata nchi.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Jumapili nikaamka saa tatu, nikanywa chai kwa mafunda madogo, nikalitazama bafu na bafu likanitazama, kila mtu akashika njia yake. Ya pili ikaja na Julai. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na saa yake, kila mmoja alianza kuamka mapema kidogo kuliko jana ili ayawahi maji yaliyopoa. Hata yule wa saluni, ambaye mteja wake wa kwanza huja saa nne asubuhi, alikuwa koridoni saa tisa na nusu na taulo begani.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo kuhusu jirani zangu. Hawabishi hodi. Kwao kumgongea mtu aliye bafuni ni kumwambia ametia aibu, na kumtia mtu aibu ni dhambi iliyo karibu sana na kuua. Kwa hiyo aliyewahi kuingia alikaa alivyopenda, kwa kuwa hakusikia anayelalamika. Waliokuwa nje walisimama foleni wakitabasamu. Mlango ukifunguka, anaanza mwingine: tangulia wewe. Hapana, tangulia wewe. Hapana jamani, wewe una kazi. Dakika tano zinaisha watu wakipeana bafu kama wanaopeana kipande cha mwisho cha nyama. Kwetu tungekuwa tumeshagonga mlango hadi bawaba zilegee. Lakini mimi nilijizuia. Ningegongaje, na kura yangu ndiyo iliyotufikisha pale?

Taka nazo zilikaa hadi zikaanza kujieleza zenyewe. Sisimizi wakafungua njia kuu kutoka dirishani hadi kwenye sukari. Kila mtu alisubiri kujisikia kufagia, na hakuna aliyejisikia. Isipokuwa Ate. Jumatano, siku ile ile aliyokuwa nayo kwenye ubao, alirudi kutoka dobi ya hoteli miguu imevimba, akapiga deki sebule, akasuuza tambara, akaketi. Hakusema neno, hakumtazama mtu. Jumatano iliyofuata hivyo hivyo. Bora angenitukana! Kimya chake kilinikera kuliko sisimizi.

Basi la kampuni lilikuwa likinipitia kwenye kona yetu saa kumi na moja na dakika kumi kunipeleka Al Quoz, kwenye ghala la fanicha nilikokuwa nalinda. Dereva alikuwa Mpakistani mtu mzima asiye na ubaya wowote, ila alikuwa na dakika mbili tu. Zikiisha, yalla, anaondoka. Wiki ya tatu aliondoka nikiwa bado kwenye ngazi, viatu mkononi. Nikapewa onyo la mdomo. Siku tisa baadaye akaondoka tena, na safari hii nikapewa barua. Msimamizi wetu hakuwa mtu wa kelele. Aliisoma barua taratibu, akanipa kalamu nitie sahihi, na akanieleza kwamba mkataba wangu unaisha Septemba. Nikichelewa mara ya tatu, khalas, hautasainiwa mwingine.

Nikarudi langoni. Nyumbani kulikuwa na binti yangu kidato cha pili, analala bweni, ameanza kuniandikia kwamba anataka kuwa mhandisi wa barabara. Mkataba ungekatika, karo yake nayo ingekuwa kama ile barabara ya kwetu Kakamega, ahadi tupu. Niliogopa. Nililia kidogo nyuma ya kreti za makochi, kisha nikajipangusa kwa sababu lori lilikuwa linaingia.

Mwenzangu wa lindo alikuwa kijana wa Nyeri, mcheshi asiye na breki mdomoni. Nikamwambia.

“Aki dada, si uwaambie tu watoke bafu mapema?”

“Nitawaambiaje na mimi ndiye nilipiga kura?”

“Kwani ulipigia nini?”

“Ya kutoa zamu.”

Akanitazama, akainama, akacheka akiwa ameshika lango lisimwangushe.

“Wee! Yaani wewe na hiyo duty roster yetu hapa unalia kila siku, ukaenda ukavote uoge kwa foleni? Pole basi. Eh, hapana, sisemi pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.”

“Wacha kucheka, nitafutwa.”

“Sasa utafutwa juu ya adabu? Ongea nao, manze. Hao ni watu. Sio sir na madam.”

Nilimkasirikia mchana kutwa, na kufikia jioni nikawa nimekubali kwamba amesema kweli.

Jumapili ile tulikuwa wote nyumbani, jambo la nadra. Ate aliamua tule kwa mikono, mtindo wao wa siku njema: majani ya mgomba yanatandazwa mezani, wali unamwagwa katikati toka mwanzo hadi mwisho, samaki na nyama na mboga juu yake, na watu wanasimama pande zote wakila bega kwa bega. Anayekula hivyo hawezi kununa, mikono yake imejaa. Nikasubiri hadi wote wawe na tonge.

“Nina neno,” nikasema, “na nitalisema vibaya, kwa hiyo mnivumilie.”

Wakaacha kutafuna. Nikawaeleza basi, onyo, barua, Septemba. Nikawaeleza binti yangu. Halafu nikasema lile lililokuwa gumu: kwamba nilimpigia kura msichana wa kahawa kwa moyo wangu wote kwa kuwa niliuchukia ubao, kwamba tumefika hapa kwa ajili ya watu kama mimi, na kwamba naomba radhi kwa Ate.

Kisha yule wa supamaketi akaweka tonge lake chini, akajifunika uso kwa kiwiko, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Mimi nilimpigia ili asipate sifuri,” alisema.

Yule wa zahanati akageuka. “Hata mimi! Nilijua nyote mtamchagua Ate. Nikaona mtoto wa watu ametupikia pansit, ameimba, ataaibika. Nikampa moja.”

“Nami pia,” akasema yule wa saluni kwa sauti ndogo. “Moja tu.”

Tukageuka kwa Ate. Alikuwa anafuta miwani kwa kona ya gauni, jambo lililokuwa likiyazidisha mafuta ya samaki.

“Mtu hajipigii kura mwenyewe,” alisema. “Ni ufidhuli. Nilimpigia yeye. Nilidhani nitashinda nne kwa mbili.”

Basi hapo nilikasirika! Mimi, niliyeapa kutopiga kura tena maishani, niliwasomea wanawake wale somo la uraia lenye aya tatu, kidole kikiwa hewani kinadondosha wali. Kura si sadaka! Kura si pansit ya kurudishia mtu sahani! Mtu akikuuliza unataka nini, mwambie unachotaka, akishinda msiyemtaka mtamlaumu nani, sisimizi? Walinisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa pumzi. Ndipo nikakumbuka hesabu.

“Ile moja ya Ate ilikuwa ya nani?”

Msichana wa kahawa akainua mkono, kama alivyouinua siku ile ya kwanza.

“Yangu,” alisema. “Nilitaka ashinde. Nilikuwa nimeshampa hongera kichwani.” Na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia kweli, machozi yakishuka kwenye wali. “Kila asubuhi nilisimama kwenye foleni nikiomba mtu mmoja tu alalamike niurudishe ubao. Hakuna aliyelalamika. Nikasema, basi, wamefurahi.”

Nani asingecheka? Tulicheka hadi kinyozi wa chini akagonga dari. Wiki sita tumeishi kama wakimbizi kwa sababu watu watano walioneana huruma na mmoja alikuwa na hasira.

Nikadhani mambo yameisha. Niliinuka nikautoe ubao nyuma ya kabati. Msichana akanizuia.

“Siwezi,” alisema, na alikuwa amejikaza. “Niliahidi. Mimi ni kapitana wa miezi sita. Siwezi kuvunja ahadi ya kwanza ati kwa sababu tumecheka.”

Nilitaka kumkemea, lakini Ate akaunga mkono. Akasema kosa la watu watano bado ni uamuzi wa watu watano, haufutwi kwa kicheko. Ila mwenye ahadi anaweza kusamehe. Akawauliza mmoja mmoja: uliuomba uhuru wa bafu? Sikuuomba. Sikuuomba. Sikuuomba. Yeye mwenyewe hakuuomba. Wote wanne wakaisamehe ahadi.

Ikabaki kwangu. Katika fleti nzima ni mimi tu niliyekuwa nimeupigia kura uhuru ule nikiutaka, kwa hiyo ulikuwa wangu, na ni mimi tu niliyeweza kuurudisha. Wakanitazama. Kazi yangu ilikuwa mikononi mwangu, ingetosha kusema neno moja, na bado, haki ya Mungu, sikutaka kulisema. Niliuona tena ule wino mwekundu.

“Nasamehe,” nikasema. “Ubao urudi. Lakini sitaki kuandikiwa tena. Siku niliyoingia humu sikuwa nimevua viatu, Ate, nikakuta umeshanipangia saa ya kuoga na siku ya kuosha choo. Nimepangiwa kazini, nimepangiwa bwenini. Nilikuja hapa kukimbia hayo.”

Ate aliacha kufuta miwani. Aliyeumia hajifichi usoni, na nikajuta papo hapo.

“Niliandika usiku ule ulipopiga simu kwamba unakuja,” alisema. “Mimi nilipofika nchi hii, mahali pa kwanza nilipokaa walikuwa kumi na mmoja. Jina langu halikuwahi kuwekwa mahali popote. Nilioga wakibakisha maji, nilikula wakibakisha meza. Miezi minane. Kwa hiyo nikasema, huyu wa Kenya akiingia, akute ana nafasi yake, akute tulikuwa tunamngojea. Nikatumia kalamu nyekundu uione upesi.”

Nilimkumbatia na mikono yangu yenye samaki, nikamharibia gauni. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeuchukia mstari ule, kumbe ulikuwa ni kuniambia karibu.

Kapitana wetu akaleta ubao, akaupangusa hadi ukawa mweupe pe, akaulaza katikati ya majani ya mgomba na mifupa ya samaki. Kisha akanipa kalamu. Kalamu ya buluu.

“Anza wewe,” alisema. “Unataka saa ngapi?”

Tangu niteremke ndege Dubai hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikahesabu basi linapita saa ngapi, nguo zinanichukua dakika ngapi, ngazi ngapi. Nikahesabu nani anatangulia kutoka na nani anaweza kungoja. Nikaandika: kuoga, saa kumi na robo hadi saa kumi na nusu. Zamu, bafu, Jumapili.

Wakainama wote kusoma.

“Lakini ni ile ile!” akapiga kelele yule wa saluni.

“Najua,” nikasema. “Nimeichagua.”

Jumatatu alfajiri, saa kumi na robo kamili, nilisimama koridoni na taulo langu. Mlango ulikuwa umefungwa na maji yanatiririka. Nyuma yangu yule wa zahanati alinishika kiwiko na kuninong'oneza ningoje tu, aliye ndani asije akaaibika. Nikainua mkono nikagonga. Niligonga mara tatu, Kikakamega, kopo la kuogea likaanguka ndani kwa kishindo.

“Samahani! Samahani!” Kapitana akatoka mbio, povu masikioni, taulo ameligeuza, akiniinamia kama mtuhumiwa. Aliitunga sheria yeye mwenyewe mchana wa jana, akalala, akaisahau.

Nilioga dakika kumi na mbili. Nikavuta maji ya sakafuni kwa ufagio wa mpira, nikatoa nywele zangu kwenye tundu, nikamwachia yule wa zahanati dakika tatu zilizobaki, maana wagonjwa wake nao wana saa zao. Nilikuwa kwenye kona kabla ya basi. Dereva akatazama saa yake, akanitazama mimi, akasema, “Mashallah, sister,” na hakukuwa na kejeli ndani yake hata kidogo. Septemba mkataba ulisainiwa, lakini asubuhi ile sikujua bado. Nilikaa kiti cha mbele, nikamwona tena kapitana wangu na lile povu masikioni, na nikacheka peke yangu hadi Al Quoz.